“Utapandaje Ngazi?” Kweli na Uzushi Kuhusu Ulemavu na Sheria

Keti kijiweni, panda daladala la asubuhi au simama kwenye foleni ya ofisi yoyote, halafu taja kwamba kuna mtu mwenye ulemavu ameomba kazi mahali. Papo hapo kila aliyepo atageuka mwanasheria. Mmoja ataapa kwamba bosi analazimishwa na serikali. Mwingine atasema sheria hizo ni za ofisi za umma tu. Wa tatu atafunga ubishi: “Jamani, hao ni wa kusaidiwa, tunatafuta thawabu.” Umezisikia zote, na huenda moja mbili ulizipokea bila kuzikagua.

Tuzipange mstari basi, tuzipime. Sheria nyingi nitakazotaja ni za Tanzania Bara, maana Zanzibar ina zake. Pale Kenya ilipoamua vingine, tutavuka Namanga.

“Kumpa nafasi mwenye ulemavu ni sadaka. Mwenye moyo atatoa, asiye nao basi.”

UONGO. Lakini tukubali kwamba fikra hii haikuzaliwa kijiweni. Sheria yenyewe iliwahi kufikiri hivyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1982 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili: moja ya ajira za watu wenye ulemavu, nyingine ya matunzo yao. Hiyo ya matunzo ilihusu nani ambebe nani: familia ibebe nini, serikali ibebe nini. Mtu mwenyewe alikuwa katikati, akitunzwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, ilizifuta zote mbili. Sasa mtu huyohuyo anadai: shule, kazi, matibabu, jengo la umma analoweza kuingia, habari anayoweza kuisoma au kuisikia. Mwaka uliotangulia, 2009, Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ule uliopitishwa Desemba 2006. Kenya ilikwisha kuuridhia mwaka 2008. Sadaka endelea kutoa, wala hakuna anayekuzuia. Ila mwajiri, mwalimu mkuu au mwenye jengo asidhani kwamba akitimiza wajibu wake amefanya hisani ya kutangazwa msikitini au kanisani.

“Katiba inakataza ubaguzi, kwa hiyo ulemavu umetajwa humo.”

KENYA, KWELI. TANZANIA, LA. Hapa wengi hushangaa. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 27, inautaja ulemavu waziwazi kati ya mambo ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo, na katazo hilo halihusu serikali peke yake, linamfikia na mtu binafsi. Ibara ya 54 inaongeza haki ya kufika shuleni, kutumia usafiri wa umma, na kutumia lugha ya alama na nukta nundu. Ibara ya 120 inaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza.

Sasa fungua Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 13. Maana ya ubaguzi imeandikwa pale kwa orodha: utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Pitisha kidole mstari kwa mstari, ulemavu huuoni. Utaukuta Ibara ya 11, umewekwa pamoja na uzee na maradhi, kwenye haki ya kupata msaada wa jamii. Tena Ibara ya 11 imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7 inasema haitekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Wakili mzuri anaweza kubishana kwamba ulemavu umefunikwa na “hali ya maisha”, na Ibara ya 12 inatamka kwamba binadamu wote ni sawa. Lakini jambo linalogusa maisha ya watu wengi hivi halikupaswa kuachiwa ufundi wa wakili. Ndiyo maana kwa Mtanzania ngao halisi imo kwenye sheria za Bunge, hasa hiyo ya 2010 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004.

“Sheria hizi zinawahusu waajiri wakubwa tu.”

NUSU KWELI, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe watu wenye ulemavu hawapungui asilimia tatu ya watumishi wake. Kenya kiwango ni asilimia tano, na sheria yake mpya ya 2025 nayo inaanzia kwa mwajiri wa watu 20.

Hebu tufanye hesabu. Asilimia tatu ya watu 20 ni 0.6. Sijawahi kukutana na sita ya kumi ya mhasibu, na mtu hagawanyiki, kwa hiyo anayetaka kuwa “si chini ya” kiwango hicho hana budi kuajiri mtu mmoja mzima. Kwa wafanyakazi 100 ni watatu. Afisa utumishi anayekuambia kwamba kampuni yake ya watu 25 haijafikia kiwango amechagua hesabu inayompendeza.

Lakini hiyo asilimia ni jambo moja na katazo la kubagua ni jambo jingine. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya ulemavu, na hakikuweka idadi ya chini ya wafanyakazi. Mwenye saluni ya wasusi watatu kimemgusa.

“Kazi ni ya bosi, ataandika sifa anazotaka.”

UONGO. Lile tangazo unalifahamu: “Mwombaji awe na shahada, uzoefu wa miaka mitatu, na awe na afya njema ya mwili na akili.” Kazi yenyewe ni ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Sheria ya Ajira haisubiri mpaka mtu asaini mkataba ndipo imlinde. Mwombaji wa kazi naye amehesabiwa kuwa mfanyakazi kwa ajili ya kifungu hicho cha 7, na mambo yanayokaguliwa ni pamoja na matangazo, vigezo vya uteuzi na namna usaili unavyoendeshwa. Swali la “utapandaje ngazi zetu?” likiulizwa ili kumkatisha tamaa msailiwa, limo ndani.

Bosi ana haki moja ya maana hapa, na tumpe: anaruhusiwa kudai kile ambacho kazi yenyewe haiwezekani bila hicho. Rubani anatakiwa aone, hilo halina ubishi. Ila mwajiri asiyeweza kueleza kwa nini mtunza kumbukumbu lazima awe na miguu miwili anatetea mazoea tu.

Na wale wanaolalamika kwamba asilimia tatu ni kuwabagua wasio na ulemavu? Kifungu hichohicho kimewajibu: hatua za makusudi za kuleta usawa si ubaguzi. Wala hakuna sehemu sheria inapomlazimisha mwajiri amchukue asiye na sifa.

“Sikuwa na nia mbaya, kwa hiyo sikubagua.”

UONGO, na kwa maoni yangu huu ndio uzushi mkubwa kuliko yote, maana waungwana wengi wamejificha humo.

Sheria ya Ajira inakataza kubagua moja kwa moja na kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Hiyo ya pili haihitaji mtu mwenye roho mbaya. Inatosha kuweka utaratibu mmoja kwa wote, halafu utaratibu huo umfungie mlango mtu fulani. Mahakama Kuu ya Kenya ilikutana na jambo hilo mwaka 2021. Kijana asiyeona aliomba kazi katika kampuni kubwa ya simu. Alifika hatua ya mtihani wa kompyuta, na kompyuta za mtihani hazikuwa na programu ya kumsomea skrini kwa sauti. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Wote waliwekewa kompyuta zilezile. Alishtaki, akashinda.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Ibara ya 2, umelimaliza suala hili: kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ili ashiriki sawa na wenzake ni ubaguzi. Mkataba hauulizi moyo wako ulikuwa na nini.

“Hayo marekebisho yatatufilisi.”

MARA NYINGI UONGO. Mkataba wenyewe unaweka kikomo: marekebisho yasiwe mzigo uliopita kiasi. Duka la mtaani halidaiwi lifti. Lakini kabla ya kulia gharama, tazama kinachoombwa hasa. Programu ya kusomea skrini iitwayo NVDA hupatikana bure kwa kompyuta za Windows. Simu nyingi za Android na zote za iPhone huja na kisomaji chao ndani, hata kama mwenye simu hajawahi kukigusa. Kiziwi anataka utumiwe ujumbe mfupi badala ya kupigiwa. Mwenye kiti mwendo anataka meza yake ihamishwe kutoka ghorofa ya pili kwenda chini. Anayetumia dawa za kifafa zinazomletea usingizi alfajiri anataka aanze kazi saa tatu na atoke jioni zaidi. Mengi ya haya hayagharimu shilingi, yanagharimu kikao kimoja cha dakika kumi.

Ajabu ni kwamba fedha hupotea pale watu wanapojenga bila kuuliza. Chukua njia ya mteremko mlangoni. Kipimo kinachofuatwa sana na wajenzi ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko unatakiwa uwe na urefu wa mita 5.4. Sasa nenda kaangalie majengo ya mtaani kwako. Utakuta zege la mita moja na nusu, limelala kama ukuta ulioegemezwa, na mwisho wake pikipiki ya mlinzi imepaki. Saruji ilinunuliwa, fundi akalipwa, picha ikapigwa siku ya uzinduzi, na mwenye kiti mwendo bado yuko chini.

“Ulemavu ni ule unaoonekana.”

UONGO. Sheria ya 2010 inahesabu ulemavu wa viungo, wa hisia, wa akili na wa afya ya akili, na inatazama pia vikwazo ambavyo mazingira na mitazamo ya watu vinamwekea mhusika. Kondakta anayemfokea abiria “mbona mzima tu, toka kwenye kiti hicho” hajui kama aliyekaa ni kiziwi au haoni vizuri.

“Albino ni suala la rangi tu.” Na ile ya kale: “Hafi, hutoweka.”

ZOTE MBILI UONGO, na ya pili imemwaga damu. Ualbino huambatana na uoni hafifu na ngozi isiyo na kinga dhidi ya jua. Watu wenye ualbino hufa kama binadamu wengine, na saratani ya ngozi huwaua mapema wengi ambao mafuta ya kukinga jua na kofia pana vingewaokoa. Mwaka 2017 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule Mkataba, katika shauri lililohusu Tanzania, ilieleza kwamba ualbino unaingia kwenye maana ya ulemavu. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaamua kwamba Tanzania ilishindwa kuwalinda watu wenye ualbino, haki ya kuishi ikiwemo.

Mtoto anayekaa nyuma darasani asiione ubao, akaitwa mjinga, amebaguliwa bila panga. Kumhamishia mbele na kumchapia mtihani kwa maandishi makubwa ni lile rekebisho tulilolizungumza. Kwa wanaouliza watu wenye ualbino wataweza nini: Salum Khalfan Barwany alichaguliwa kuwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Mumbi Ngugi ni jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya.

“Hujafa hujaumbika.”

KWELI TUPU. Wazee walisema hivyo kumkanya anayemcheka mwenzake, na kila wodi ya mifupa inawaunga mkono. Bodaboda moja, kiharusi kimoja, kidonda kimoja cha kisukari, na mtu aliyekuwa fundi mkuu jana leo anafundishwa kutembelea magongo.

Sheria imelifuata neno hilo la wazee. Ibara ya 27 ya Mkataba inalinda haki ya kufanya kazi hata kwa aliyepata ulemavu akiwa tayari ameajiriwa. Kanuni za utendaji bora za Tanzania za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri asikimbilie kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeugua au kuumia. Kwanza aangalie tatizo ni la kiwango gani na la muda gani, kisha aone kama kazi inaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine ya kumpa. Barua ya “tunakutakia maisha mema” inayomkuta mtu bado ana bendeji imeruka hatua zote hizo.

“Ukishtaki utaambiwa lete ushahidi, na bosi hakuandika popote kwamba anakubagua.”

UONGO KWA SEHEMU KUBWA. Mfanyakazi anatakiwa aonyeshe mazingira ya awali yanayoashiria kwamba alibaguliwa. Akishafanya hivyo, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Sheria ya Ajira ya Tanzania inasema hivyo, na ya Kenya ya 2007 ina kifungu cha namna hiyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikichambua katika kesi ya mfanyakazi wa kampuni ya udalali wa bima, ikampa ushindi mfanyakazi.

Mazingira ya awali ni vitu vya kawaida kabisa: tangazo la kazi ulilolipiga picha, ujumbe wa WhatsApp wa afisa utumishi, matokeo ya usaili, jina la aliyekuwepo ulipoambiwa “hatuna choo cha watu kama wewe”. Andika tarehe siku hiyohiyo. Kichwa husahau, na mashahidi huhamishwa vituo.

“Kenya mwenye ulemavu halipi kodi.”

NUSU KWELI. Msamaha wa kodi ya mapato unahusu shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi, na hauji wenyewe: lazima mtu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha apate cheti cha mamlaka ya mapato. Anayezidisha hapo analipa kwa kile kilichozidi.

“Mtoto wangu nimemfungia ndani kwa usalama wake. Ni mambo ya nyumbani.”

UONGO. Kenya iliandika tangu sheria yake ya 2003 kwamba mzazi au mlezi haruhusiwi kumficha mtu mwenye ulemavu akamkosesha huduma anazostahili, na ikaweka adhabu. Naelewa hofu ya mama anayeishi jirani na waganga wa ramli, au asiye na wa kumwachia mtoto anapokwenda sokoni. Hofu hiyo apelekewe afisa ustawi wa jamii wa kata. Kufuli mlangoni haimtibu mtoto wala haimfundishi kusoma.

“Haki ya mtu haipotei, huchelewa tu.”

UONGO, na umewaponza wengi. Huo ni msemo wa kumfariji aliyedhulumiwa, lakini karani wa mapokezi haupokei. Kwa anayebishania kuachishwa kazi, mgogoro unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi, ukiwemo ubaguzi wa mtu ambaye bado yuko kazini, ni ndani ya siku 60. Muda huo umewekwa na kanuni za 2007, Tangazo la Serikali Na. 64. Wazee waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo ndio walioijua CMA kabla haijaanzishwa.

Unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, unaiwasilisha. Kufungua mgogoro hakulipiwi. Asiyejua aanzie wapi aulize chama chake cha watu wenye ulemavu, kwani vingi vimo ndani ya shirikisho la SHIVYAWATA, au atafute msaidizi wa kisheria, ambaye tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 anatambuliwa rasmi. Aliyechelewa anayo Fomu Na. 2 ya kuomba aongezewe muda, akieleza kila siku iliyopita ilipotelea wapi. Kulazwa hospitali ni sababu inayosikilizwa, na karatasi za hospitali ziambatanishwe. “Bosi alisema nisubiri arudi safari” ni sababu ambayo wasuluhishi wameisikia mno.